Sista Jepkemei na Benchi la Jumanne

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, saa kumi na moja jioni, Sista Priska Jepkemei atafunga mlango wa chumba namba nne katika Kituo cha Afya cha Kaptilol, nje kidogo ya Rongai, na ufunguo ataukabidhi kwa Bwana Weldon Kipketer, atakayeshika nafasi yake. Atakuwa ametumikia umma kwa miaka thelathini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo ni hapa kwetu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, karani wa kumbukumbu, niandike wasifu wake, kwa sababu madaftari yote yako kwangu. Waliniomba pia nisitie chumvi. Hilo halitanishinda, maana chumvi Sista aliipiga marufuku kituoni zamani sana, hata kwenye mayai ya chai ya saa nne.

Alizaliwa karibu na Kampi ya Moto mwaka 1965, mwaka ambao mvua ilichelewa, ndipo akaitwa Jepkemei, yaani msichana wa kiangazi. Alihitimu uuguzi mwaka 1991 na miaka kumi na miwili ya kwanza aliitumia katika wodi za wazazi mjini Nakuru, akizalisha. Mpaka leo hawezi kupita barabara ya sokoni bila kusimamishwa na kijana mwenye ndevu anayedai kuwa alizaliwa mikononi mwake. Yeye hujibu kwamba wakati huo hakuwa na ndevu, ndiyo maana hamkumbuki. Mwaka 2003 alihamishiwa Kaptilol, karibu na shamba la mumewe, Mzee Kibii, na karibu na mama yake mzazi.

Mama huyo alianguka zizini asubuhi moja ya mwaka 2004 akikamua ng'ombe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Kiharusi kilimchukua kabla gari halijapatikana. Hakuwahi kupimwa presha hata mara moja, ingawa binti yake alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na mitatu na alikuwa akimtembelea kila Jumapili. Sista halisemi jambo hili mara kwa mara. Mimi nimelisikia mara mbili, na mara ya pili nitaifikia.

Mwaka uliofuata alianzisha kliniki ya presha ya kila Jumanne, na mwaka 2006 mimi nikaajiriwa kuiandikia daftari.

Waliokuja walikuwa zaidi akina mama wa miaka hamsini na kwenda mbele. Wanaume wa Kaptilol huwa hawaji hospitali, huletwa. Akina mama hao walikuwa na simulizi moja: usingizi umepotea, mwili unawaka ghafla kama umemwagiwa uji, moyo unadunda bila sababu, magoti yanauma, na hasira imekuja isiyojulikana imetoka wapi. Wengi walikuwa wameshatibiwa taifodi mara tatu au nne, na malaria mara mbili, tena bila kupimwa. Sista aliwaeleza taratibu. Hedhi ikikoma, mwili hupungukiwa na homoni iliyokuwa ikisaidia mishipa ya damu kulegea. Basi katika miaka hiyohiyo ya joto na kukesha, presha nayo huanza kupanda chinichini. Mtu hulaumu joto kwa kuwa joto analisikia. Joto hilo lina siku zake za kupungua, aliwaambia, lakini presha haipungui kwa kungojewa.

Kisha akaweka benchi. Ni benchi la kawaida la mbao, lenye egemeo, nje ya chumba namba nne. Kabla ya kupimwa kila mama hukaa hapo dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono wazi, mdomo umefungwa. Mkono wazi ulikuwa vita vya kwanza, kwa sababu asubuhi za Rongai zina baridi na mama anayejiheshimu huvaa sweta mbili chini ya ile inayoonekana. Kabla ya hapo kipimo kilifungwa juu ya hayo masweta yote, na sijui hasa tulikuwa tunapima nini. Mdomo kufungwa ulikuwa vita vya pili, na naweza kuthibitisha kwamba hakuna upande uliowahi kuvishinda. Ukiwakalisha pamoja wanawake saba walioonana mwisho mwezi uliopita, dakika tano za kimya ni ombi kubwa kuliko dawa.

Sista wa miaka hiyo alikuwa mkali. Mama akija na presha ya juu, sauti ya chumba namba nne ilisikika hadi duka la dawa za mifugo ng'ambo ya barabara, na muuzaji huko alijua nani amekula nyama choma harusini. Ukali ulionekana kuzaa matunda. Kufikia mwaka 2012 namba za kliniki yetu zilikuwa nzuri kuliko za vituo vyote vya jirani. Nilitengeneza grafu ya rangi tatu nikaibandika ukutani, na wageni wa kutoka mjini waliipiga picha.

Grafu hiyo ilibomoka siku moja ya soko. Sista alikuwa amepeleka mashine sokoni kupima wapita njia, akaiweka kando ya magunia ya Wangeci, muuza mahindi na maharagwe, mzaliwa wa Bahati aliyeolewa huku, na mmoja wa wagonjwa wetu wa kwanza kabisa. Jumanne iliyotangulia Wangeci alikuwa na 128 kwa 82. Sokoni mashine ikatoa 186 kwa 108. Sista akadhani betri. Akapima wengine sita wa benchi lake waliokuwa wakiuza au kununua hapo, na watano walikuwa juu vilevile.

Ni Wangeci aliyemtoa gizani, bila kuacha kupima mahindi. "Sista, hiyo dawa ni ya Jumanne," alisema. "Tunameza mbili asubuhi tukikuja, ndio usitupigie kelele." Siku nyingine zote za mwezi vidonge vilikaa kabatini, au vilipewa jirani anayeumwa na kichwa. Hawakuona kuwa wanamdanganya mtu. Unapokwenda kwa mgeni unavaa vizuri, na wao walikuwa wanavalisha presha nguo za kutokea.

Sista alirudi kituoni, akaingia ofisini kwangu, akaitazama ile grafu kwa muda mrefu. "Mwaura," akaniambia, "hii umechora vile wananiogopa." Akaibandua mwenyewe. Niliudhika, kwa sababu nilikuwa nimetumia rula.

Kuanzia hapo aliacha kugomba. Haikuwa rahisi kwake. Nilimwona mara nyingi akiuma mdomo. Badala yake akaanza kuuliza maswali manne kabla ya kufunga kipimo mkononi: Umelala? Umecheka? Umetembea mpaka wapi? Nani amekuuliza hali yako? Dawa aliiulizia mwisho, kama mtu anayeulizia mvua. Alisema mama asiyelala, asiyecheka, asiyetoka na asiyeulizwa hali hana sababu ya kumeza kidonge ili aishi zaidi, na kwamba sisi tulikuwa tunahesabu presha bila kuuliza ni maisha gani hiyo presha inalindiwa.

Majibu akayaandika katika daftari langu. Hapo tulikosana. Daftari la serikali lina safu za jina, umri, kipimo na dawa. Halina safu ya kicheko. Nilimwandikia barua mbili rasmi nikimwomba aheshimu safu. Alizijibu kwa kuchora safu nne mpya kwa kalamu nyekundu hadi ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo taarifa zangu za mwezi, ambazo huko juu walitaka namba tu, zilikuwa zimejengwa juu ya maneno kama haya: "Hajalala tangu Krismasi." "Amecheka, mbuzi wa jirani aliingia kanisani." "Ametembea hadi kwa dada yake na kurudi, hakupumzika." Na safu ya nne, ile ya nani amekuuliza hali, ukurasa baada ya ukurasa, neno moja: "Hakuna."

Namba za kweli zilikuwa mbaya, na mwaka huo nilikuwa na kazi ya kueleza kwa nini kituo bora kimeharibika ghafla. Ilichukua miaka miwili kurudi pale ambapo grafu ilidai tulikuwa. Lakini nilianza kugundua jambo, kwa sababu hakuna aliyesoma daftari hilo kwa ukaribu kama mimi. Mama aliyekuwa na "Hakuna" katika safu ya nne ndiye aliyerudisha vidonge vingi visivyomezwa. Sista naye aliligundua, akawagawa wa benchi wawili wawili kwa ujirani, kila mmoja awe wa kumuuliza mwenzake hali, asubuhi na jioni, na baada ya salamu aulizie kidonge. "Hakuna" zikapungua, yakaja majina.

Sasa nije kwenye friji. Mwaka 2017 friji ya chanjo ilianza ugonjwa. Kipimajoto chake kilionyesha joto likipanda kidogo kila siku, mara nyingi saa nne na saa nane, halafu likishuka. Halikuwahi kuvuka kiwango cha kuharibu chanjo, lakini fundi aliitwa kutoka Nakuru, akafungua, akafunga, akasema iko sawa. Aliitwa tena, akabadilisha mpira wa mlango. Mara ya tatu alikataa kuja. Siku chache baadaye niliingia chumba cha chanjo kuchukua fomu, nikamkuta Sista Jepkemei amefungua mlango wa friji na kuweka uso ndani, macho yamefumbwa, kola imelowa jasho. Ilikuwa Julai, sisi wengine tumevaa makoti. Juu ya mlango huo kuna karatasi inayosema usifunguliwe ila kwa kazi, na mwandiko ni wake.

Nilichukua fomu nikatoka. Kwa wenzangu nilisimulia kama kichekesho, tukacheka wiki nzima, naye alipojua alicheka nasi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa amewaeleza wanawake mia mbili kwamba joto hilo halisafiri peke yake.

Kuna jambo jingine nililoliona, na hili sikumsimulia mtu. Kila mwezi wa Mei, siku ya kupima presha duniani, wafanyakazi hupimwa mbele ya wagonjwa ili kuwatia moyo. Sista hutupima wote, kisha wakati huo alikuwa anaingia chumba namba nne peke yake na kutoka na kipimo chake, nami naandika. Mwaka 2015 niliandika 120 kwa 80. Mwaka 2016, 120 kwa 80. Mwaka 2017, vivyo hivyo. Nimeandika presha za maelfu ya watu, na hakuna mwili unaotoa namba ileile, iliyonyooka hivyo, miaka mitatu mfululizo. Nilijua. Nilijiambia kwamba kazi yangu ni kuandika ninachoambiwa.

Jumanne moja ya Februari 2018 Wangeci alikuwa wa nne kwenye benchi. Sista alitoka kumwita mama wa kwanza, akamwita kwa jina, akarudi ndani, akatoka akamwita tena jina lilelile, na yule mama alikuwa tayari ameketi kule ndani. Sista alikuwa ameshika kichwa kwa mkono mmoja na ukingo wa mlango kwa mwingine. Wangeci aliinuka. "Sista, kaa hapa," alisema. "Leo ni mimi napima. Na hiyo sweta toa."

Sista alisema yuko sawa. Wangeci alimwambia hiyo nayo ni maneno ya benchi, wameyasema wote, na hakuna hata mmoja alikuwa sawa. Akamkalisha, akaegemeza mgongo wake, akainama na kuweka nyayo zake chini moja moja, kwa mpangilio uleule aliokuwa amewekwa yeye kwa miaka kumi na miwili. Kisha zikapita dakika tano. Nilikuwa mlangoni na daftari, na ninaapa hakuna aliyefungua mdomo. Ndiyo mara pekee ninayoijua ambapo benchi hilo lilinyamaza kweli.

Kipketer, aliyekuwa ameajiriwa miezi michache tu nyuma, alikuja kusoma mashine. Ilisema 198 kwa 114. Akasubiri, akapima mkono wa pili, tofauti ikawa ndogo. Wangeci hakumruhusu Sista ainuke kabla ya maswali. Umelala? Hakuwa amelala vizuri kwa zaidi ya mwaka. Umecheka? Alisema tangu mambo ya friji, hapana. Umetembea mpaka wapi? Mpaka hapa na nyumbani. Nani amekuuliza hali yako?

Sista alitazama sakafu. Meza yangu iko hatua nane kutoka mlango wa chumba namba nne. Nilikuwa nimekaa hapo kila siku ya kazi kwa miaka kumi na miwili, nikimwandikia kila alichosema. Alipokosa cha kujibu, kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nikaandika kile nilichoandika mara mamia kwa ajili ya wengine: "Hakuna." Sijawahi kuona aibu kama ile kazini, na sitarajii kuiona tena.

Alipelekwa Nakuru siku hiyohiyo. Walimkuta moyo umeanza kunenepa kuta kwa kusukuma damu kwa nguvu nyingi, lakini figo zilikuwa salama, na kiharusi kilikuwa bado hakijafika. Walimwambia kwamba kilikuwa njiani. Alikaa nyumbani wiki tatu.

Jumanne aliyorudi hakuingia chumba namba nne. Alisimama mbele ya benchi akawaambia ukweli wote. Alikuwa amejua tangu mwaka 2015. Vidonge alikuwa navyo, alivinunua mjini ambako hakuna anayemjua, na alivimeza siku ambazo kichwa kiliuma. Zile 120 kwa 80 hakuzipima, alizisema tu, kwa sababu aliona haya kuwa muuguzi wa presha mwenye presha na aliogopa kuondolewa kwenye kliniki. Ndipo alipotaja mama yake na lile zizi, mara ya pili kati ya zile mbili. Alisema alikuwa akielekea palepale kwa mguu wake mwenyewe, tena akiwa na ramani. "Na mimi dawa yangu ilikuwa ya Jumanne," aliwaambia. Walicheka, na baadhi yao walikuwa wanalia. Akaniomba daftari, akajiandikisha, mgonjwa namba 213, akakaa mwisho wa benchi kusubiri zamu.

Tangu hapo, kwa miaka saba, Sista ameanza kila Jumanne kwa kukaa benchi. Mwenzake wa kuulizana hali ni Wangeci, ambaye humpigia simu saa kumi na mbili asubuhi na hakubali jibu fupi. Presha yake ya mwezi huu ni 134 kwa 82, namba ya kibinadamu. Joto lilipungua lenyewe, na friji ilipona bila fundi.

Nitoe na hesabu nyingine, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Leo benchi lina akina mama mia tatu na arobaini. Vipimo vilivyochukuliwa mwezi wa Mei kwa siku zisizotangazwa vinaonyesha kuwa mia mbili na ishirini na mmoja wako chini ya 140 kwa 90. Katika miaka hii ishirini tumewazika kumi na mmoja, watatu kwa kiharusi, na majina yao Sista hahitaji kuyatafuta daftarini. Zile safu nne za kalamu nyekundu sasa zimechapishwa katika madaftari mapya ya kituo chetu. Mimi ndiye niliyepeleka ombi, kwa barua rasmi.

Bwana Kipketer anachukua kliniki akiwa ameiva. Mwanzoni akina mama walikataa kumweleza kijana wa kiume mambo ya hedhi. Sista alimkalisha kwenye benchi kati yao miezi mitatu, akimenya nao njugu na kusikiliza, hadi siku moja mama mmoja akamweleza kuhusu joto lake kwa kirefu kiasi kwamba masikio yake yaligeuka rangi. Hapo Sista akasema amefuzu.

Yeye anarudi shambani Kampi ya Moto, kwa Mzee Kibii na ng'ombe wao sita. Anasema ataimba kwaya na kutembea. Siku ya sherehe akina mama wa benchi wataleta mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni; keki itakuwepo kwa ajili ya picha, na kamati imeonywa kuhusu soda.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kaptilol, asante, Sista. Umetufundisha kufunga mdomo dakika tano, na baada ya hapo kuuliza. Tunakuombea usingizi wa kutosha, vicheko vingi hata kama ni vya mbuzi, na miguu ya kukufikisha unakotaka.

Utatuaga Jumatatu, na kesho yake ni Jumanne. Kadi namba 213 iko juu ya meza yangu, miadi saa mbili asubuhi. Uje umemeza dawa, na si ya asubuhi hiyo tu. Safu tatu za kwanza utazijibu mwenyewe. Ya nne usihangaike nayo, nimeshaandika: Mwaura.

Hiram Mwaura
Karani wa Kumbukumbu